Kasha Lililo Wazi

Kila Pasaka, ukumbi wa Vikingskipet mjini Hamar, Norwe, uliojengwa kwa mbio za kuteleza kwenye barafu za Olimpiki ya 1994, hupangwa meza ndefu na kutandazwa nyaya za mtandao. Maelfu ya watu, wengi wao vijana, huingia wakiwa wamebeba kompyuta zao za mezani kutoka nyumbani: kasha, skrini, kibodi na mfuko wa kulalia. Mkusanyiko huo, The Gathering, ulianza mwaka 1992. Kwa siku kadhaa washiriki hucheza michezo, hushindana kutunga programu na muziki, na hulala kidogo. Pamoja na hayo kuna shughuli isiyohitaji ratiba. Watu huzunguka baina ya meza wakitazama makasha ya wenzao. Huinama, huchungulia kupitia kioo cha ubavuni, kisha huuliza: feni hizo ni za milimita ngapi, bomba umelikunjaje, joto hufika wapi mchezo ukikolea? Mwenye mashine huacha alichokuwa akifanya na kuanza kueleza.

Hali ni hiyo hiyo DreamHack, mkusanyiko uliozaliwa 1994 katika shule ya Malung huko Uswidi na baadaye kuhamia Jönköping, na vilevile QuakeCon ya Texas, inayokusanya watu na kompyuta zao tangu 1996. Mtazamaji wa mbali huona majigambo tu: taa za rangi, vioo, mabomba ya maji yanayong'aa. Majigambo yapo, na sioni ubaya wake. Lakini katika jamii hii yana sharti. Anayeonyesha anadaiwa maelezo. Anatakiwa kutaja kila kipande alichotumia, atoe picha za hatua alizopitia, aseme ni wapi palimshinda na alipapitaje. Anayeleta mashine ya kupendeza kisha akaficha alivyoiunda hutazamwa, husifiwa kidogo, na watu huendelea na safari yao.

Sharti hilo lina umri mkubwa kuliko vioo na taa. Tarehe 5 Machi 1975, watu wapatao thelathini walikutana katika gereji ya Gordon French, mjini Menlo Park, California, kuitazama Altair 8800, kompyuta iliyouzwa ikiwa vipande vya kulehemu mwenyewe kwa bei isiyofika dola 400. Ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 256, na haikuwa na kibodi wala skrini. Hicho ndicho kikao cha kwanza cha Homebrew Computer Club. Mikutano ilipokua na kuhamia ukumbi wa kituo cha utafiti cha Stanford, Lee Felsenstein aliiongoza kwa utaratibu wa sehemu mbili. Kwanza, kila mwenye jambo alisimama akasema ana nini na anatafuta nini. Kisha kikao kilivunjwa, na kila mmoja akamwendea yule aliyemsikia akitaja anachokihitaji. Steve Dompier alifika na Altair yake, akaweka redio karibu nayo, na redio ikaanza kupiga wimbo, kwa sababu alikuwa ameipanga mashine ili mawimbi inayovujisha yasikike kama noti za muziki. Wenzake walimpigia makofi, na baadaye programu yake ikachapishwa ili wengine nao wajaribu. Steve Wozniak aligawa nakala za michoro ya kompyuta iliyokuja kuitwa Apple I. Kampuni kubwa zilizozaliwa na kikao kile zimeandikwa sana. Mimi huvutiwa zaidi na ule mkono unaogawa michoro.

Kilichowezesha desturi hiyo kutoka California na kuenea duniani ni kukubaliana kwa vipimo. Mwaka 1981 IBM ilitoa kompyuta yake binafsi ikiwa na nafasi za kuchomeka kadi za watengenezaji wengine, pamoja na kitabu cha maelezo ya kiufundi kilichoonyesha jinsi mashine inavyofanya kazi. Mwaka 1995 Intel ikatoa kipimo cha ATX: matundu ya skrubu yakae wapi, plagi za nyuma zipangweje, pawa saplai iwe na umbo gani. Tangu hapo mtu anaweza kununua madabodi ya Taiwan, kasha la Ujerumani na feni ya Austria, na vikaingiana. Bila makubaliano hayo kusingekuwa na cha kuonyeshana, maana kila mmoja angekuwa na kitu alichokinunua kikiwa kimefungwa.

Miaka michache baadaye walikuja wakimbizaji wa prosesa, waliotaka kasi kuliko iliyoandikwa kwenye boksi. Celeron 300A ya mwaka 1998 iliuzwa kwa kasi ya megahezi 300. Waliojua waliibadilisha kasi ya njia yake ya mawasiliano kutoka 66 hadi 100, nayo ikafika 450 bila kulalamika, ikikaribia prosesa za bei ya juu zaidi. Mwaka 2000 mambo yakawa matamu zaidi. Prosesa za AMD aina ya Athlon na Duron zilikuwa na vidaraja vidogo juu ya uso wake, na kiwanda kilivikata ili mtu asiweze kubadilisha kasi. Ikagunduliwa kwamba ukipitisha penseli ya kawaida juu ya pengo, grafiti ya penseli hupitisha umeme na daraja huungana tena. Ujuzi huo ulienea kwa sababu waliougundua hawakuukalia.

Kasi ikaleta joto, na joto likaleta ufundi wa maji. Kabla hakujawa na vifaa maalumu vya dukani, watu waliingia kwenye yadi za magari mabovu. Waundaji wa Marekani walitafuta rejeta ndogo ya hita ya Pontiac Bonneville ya 1977, kwa kuwa ukubwa wake ulifaa feni za kompyuta. Pampu ilitoka kwenye tangi la samaki. Kibao cha shaba cha kukaa juu ya prosesa mtu alikichonga mwenyewe. Kila muungano wa bomba ulikuwa hatari, kwa hiyo desturi ikawa kuendesha maji peke yake kwa saa nyingi, umeme wa kompyuta ukiwa umezimwa na karatasi laini zikiwa zimetandikwa chini ya kila kiungo, ili tone moja tu lionekane. Leo mabomba yanauzwa yakiwa tayari, lakini anayeunda mfumo wake mwenyewe bado hutandika karatasi.

Dirisha lilikuja wakati huo huo. Makasha ya miaka ya 1990 yalikuwa mabati ya rangi ya krimu, yote yamefanana. Watu walitoboa ubavu kwa msumeno wa umeme, wakazungushia mpira kwenye ukingo, wakapachika plastiki angavu na kutia taa ndani. Kukata kasha lako mwenyewe kulihitaji ujasiri, kwa sababu kosa la msumeno halifutiki. Viwanda viliona, vikaanza kuuza makasha yenye dirisha, kisha yenye kioo kizima, na sasa feni zenye taa za kila rangi zinapatikana kila duka. Wazee wa fani hunung'unika kwamba siku hizi mtu ananunua uzuri badala ya kuutengeneza. Naelewa manung'uniko yao, ila siyakubali yote. Dirisha lilipokuwa la kawaida, kazi ilihamia ndani, kwenye nyaya.

Hapo ndipo macho ya wajuzi hutua kwanza. Pawa saplai hutoa fungu la nyaya nene, na anayejali huzipitisha nyuma ya bamba linaloshika madabodi, akazichomoza mbele kupitia tundu lililo karibu kabisa na mahali zinapochomekwa, zikapinda kwa mkunjo mmoja na kufungwa kwa vibano ili zisipishane. Wapo wanaokata kila waya na kuuvalisha soksi ya nyuzi za rangi. Faida ya upepo kupita vizuri ipo, lakini ni ndogo. Kinachosukuma ni heshima ya kazi. Ndiyo maana kuna swali ambalo halikosi kuulizwa: na upande wa nyuma ukoje? Nyuma, chini ya bati lisiloonekana, ndiko uchafu wote hufichwa. Muundaji mwaminifu hufungua bati hilo bila kuombwa, hata kama nyaya zake huko zimerundikana, na hapo wengine hupumua kwa sababu na kwao ndivyo kulivyo.

Kuna taratibu nyingine anazofundishwa mgeni. Gusa chuma kabla ya kugusa madabodi, usije ukapeleka umeme tuli. Usiifunge mashine yote kabla ya kuijaribu: laza madabodi juu ya boksi lake la kadibodi, weka prosesa, feni yake na kijiti kimoja cha ramu, uiunganishe na pawa saplai na skrini, kisha gusanisha pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi. Feni ikizunguka na maandishi yakatokea kwenye skrini, ndipo uendelee. Kuhusu grisi ya prosesa hakuna amani: wapo wa tone la ukubwa wa njegere, wapo wa msalaba, wapo wa kupaka kote, na kila upande una picha za kuthibitisha. Kadi za grafiki nazo zina desturi yake mpya. Zimekuwa nzito hata zinainama kwenye nafasi zake kama tawi la mwembe lililozidiwa na matunda, hivyo huwekewa nguzo chini, na wengi hutumia matofali ya LEGO kwa kuwa urefu wake unarekebishika.

Wengine wamegeuza mashindano kuwa ya udogo. Hao hupima kasha kwa lita. Wakipata lita 20 huona ni jumba, hutafuta 12, kisha 10, na kila lita inayopungua ina maana ya kupoza kugumu zaidi na nyaya za kukatwa kwa kipimo. Kwao kujionyesha ni kuweka kasha kando ya kitu cha kawaida, labda kopo la soda, ili macho yaamini.

Afrika Mashariki desturi hii imepata sura yake. Nairobi na Dar es Salaam wengi hawaanzi na boksi jipya. Huanza na kompyuta ya ofisi iliyotumika Ulaya, ile wauzaji wa Nairobi wanayoiita ex-UK, mara nyingi Dell OptiPlex au HP. Pawa saplai yake ina umbo la kiwandani lisilobadilishika kirahisi na nguvu yake ni kidogo, kwa hiyo fundi hutafuta kadi ya grafiki inayotosheka na wati 75 za kwenye nafasi yake, isiyodai waya wa ziada. Huongeza ramu, hutia diski ya SSD, na pengine hutoboa matundu ubavuni ili hewa ipite. Vumbi, joto la pwani na umeme unaopanda na kushuka huingia kwenye hesabu: kichujio cha feni na UPS hutajwa mapema, kabla ya taa. Sioni sababu ya kuiona kazi hii ndogo kuliko ya Hamar. Kuifanya mashine ya karani icheze mchezo wa mwaka huu kwa bei ya feni chache za Ulaya ni ufundi wa hali ya juu, na anayeufanya huuonyesha kwa sharti lile lile. Ukimuuliza kadi aliipata wapi, atakutajia jengo, ghorofa, muuzaji anayekuruhusu kuijaribu kabla ya kulipa, na saa ya kumkuta.