Kwa nini mtoto hupata homa baada ya chanjo?

Mtoto amechomwa sindano ya Penta asubuhi. Jioni paja limevimba, mwili una joto, na akiguswa analia. Wazazi wengi huuliza: chanjo imemdhuru? Mara nyingi jibu ni hapana. Ni kinga ya mwili inayofanya kazi.

Penta, ambayo kwa Tanzania hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, ina bakteria wa kifaduro waliokufa. Seli za kinga huwagundua kwa vipokezi vilivyo juu yake. Habari hupelekwa ndani kwa protini zinazopokezana, kama watu wanaopokezana ndoo za maji.

Kituo muhimu katika safari hiyo ni kundi la protini tatu liitwalo IKK. Kazi yake ni kubandika alama ya fosfeti kwenye protini nyingine inayomfunga mjumbe aitwaye NF-kB. Protini hiyo ikishapewa alama huvunjwa. Mjumbe huachiwa, huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni. Yote hayo huchukua dakika chache tu.

Jeni hizo hutengeneza kemikali zinazoita seli nyeupe za damu, ndipo paja huvimba. Nyingine huufikia ubongo, nao hupandisha joto la mwili.

NF-kB huyohuyo huagiza protini ya kumfunga itengenezwe upya. Hii ni sababu mojawapo ya homa ya chanjo kuisha yenyewe, kwa kawaida ndani ya siku moja hadi mbili.

Wapo watoto wachache sana, wengi wakiwa wavulana, wanaozaliwa na hitilafu kwenye protini moja ya IKK. Ujumbe haufiki vizuri, na huugua maambukizi makali mara kwa mara.

Ufanye nini?

Mnyonyeshe mara nyingi na umvishe nguo nyepesi. Usipake dawa yoyote palipochomwa sindano. Parasetamo apewe kwa kipimo cha uzito wake, kama alivyoelekeza mhudumu. Usimpe aspirini, inaweza kudhuru ini na ubongo wa mtoto.

Mpeleke kituo cha afya mara moja akipata degedege, akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au kupumua kwa shida. Homa ikizidi siku mbili apimwe malaria, kwani si kila homa inayofuata chanjo imeletwa na chanjo. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi aonwe na mhudumu bila kusubiri.

Na tarehe ya chanjo inayofuata ikifika, mrudishe kliniki.