LIKIZO YA MAMA WA MTOTO NJITI

Mtoto akizaliwa kabla ya wiki 37 za mimba kutimia, watu humwita njiti. Na wengi hudhani kwamba siku anaporuhusiwa kutoka hospitali ndiyo siku ya kupona kwake. Sivyo hata kidogo. Siku hiyo ametoka tu mikononi mwa wauguzi na kukabidhiwa watu wa nyumbani, na kazi iliyobaki ni kubwa.

Kazi hiyo haihitaji mitambo. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchini Colombia, Daktari Edgar Rey aliona mashine za kuwatia watoto joto hazitoshi, akaanza kuwaweka kifuani pa mama zao, ngozi kwa ngozi. Tangu mwaka 2017 hadi 2020 Shirika la Afya Duniani lilipima jambo hilo katika nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo, kwa watoto zaidi ya 3,200 waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Kati ya waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, 12 katika kila 100 walifariki kabla ya siku 28. Kati ya waliongojeshwa kwanza, karibu 16. Tofauti hiyo ni roho za watu.

Nyumbani kazi ni ile ile. Mtoto hufungwa kifuani kwa kanga, usiku na mchana, mpaka afikie kilo 2.5 hivi, au mwenyewe aanze kujinyoosha na kukataa. Asipoweza kunyonya, mama hukamua maziwa akamnywesha kwa kikombe kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Wala asilinganishwe na mtoto wa jirani: aliyewahi kuzaliwa kwa miezi miwili, akifika miezi sita hutazamwa kwa hatua za mtoto wa miezi minne.

Basi twauliza: mama atapata wapi usiku na mchana wote huo? Sheria ya mwaka 2004 ilimpa mfanyakazi siku 84 za likizo ya uzazi. Aliyejifungua miezi miwili kabla ya wakati alirudi kazini mtoto wake akiwa bado mdogo kama mchanga wa wiki chache. Wananchi walilisemea jambo hili, ikiwamo Taasisi ya Doris Mollel, na mwaka 2025 sheria ilirekebishwa ili mama wa namna hiyo aongezewe muda. Twalipongeza tendo hilo.

Lakini sheria hiyo ni ya aliyeajiriwa. Tutazame Mlimba, katika bonde la Kilombero, ambako mpunga ndio chakula na ndio fedha. Mvua zikianza, nyumba nyingi za bonde hilo huhamia kwenye vibanda vya mashambani kwa miezi kadhaa, kulima, kupalilia na kuamia ndege. Kibanda hupitisha upepo, mbu ni wengi, na zahanati mara nyingi iko mbali. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko iko Ifakara, zaidi ya kilomita 100. Mama wa mtoto njiti hapo amepewa likizo na nani? Mwajiri wake ni mpunga, na mpunga hausubiri.

Jibu letu ni kwamba likizo yake hapana budi itolewe na mumewe, wakwe zake na majirani zake. Twajua si jambo dogo, maana shamba lisilopaliliwa ni njaa ya mwaka mzima. Kwa sababu hiyo mzigo usiachiwe nyumba moja. Chama kina mashina, na kila shina lina balozi wake. Balozi asiishie kuuliza habari za kadi. Aulize pia nani atapalilia shamba la mama yule msimu huu, apange zamu. Watu kumi wakitoa siku mbili mbili, ni siku ishirini. Baba naye asisimame kando: kifua chake kina joto kama cha mama, naye aweza kumbeba mtoto mama apate kulala. Bibi ahakikishe chandarua kimefungwa. Na wote wajue dalili za hatari: mtoto kuacha kunyonya, mwili kuwa baridi au kupata homa, kupumua kwa shida. Akionekana hivyo, apelekwe mara moja, asingojewe kupambazuke.

Ilipita miaka 21, tangu 2004 hadi 2025, sheria kumkumbuka mama aliyeajiriwa. Mama wa mashamba ya mpunga hana sababu ya kungoja muda kama huo, kwa kuwa likizo yake haihitaji muhuri wa mtu. Yahitaji majembe ya jirani zake, tena msimu huu.