Tumbo la Kifaranga katika Baridi ya Usambara

Kifaranga anapoanguliwa baada ya siku 21 za kuatamiwa, sehemu ya kiini cha yai huwa bado imo tumboni mwake, na akiba hiyo humlisha kwa siku mbili au tatu za mwanzo wakati matumbo yake yanaanza kuzoea kusaga chakula. Afya ya tumbo lake katika wiki ya kwanza hutegemea sana iwapo kiini hicho kitanyonywa chote na mwili au kitabaki ndani na kuoza. Katika mji wa Lushoto, ulio kwenye kimo cha takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na katika vijiji vya milimani vinavyouzunguka, kinachoamua jambo hilo mara nyingi ni joto, ingawa wafugaji wengi hukimbilia dawa pale ambapo kifaranga anahitaji moto.

Kifaranga haanguliwi na uwezo kamili wa kujitunzia joto la mwili. Uwezo huo hujengeka polepole, kadiri manyoya yanavyochukua nafasi ya malaika laini aliyotoka nayo yaini. Katika wiki ya kwanza huhitaji nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, kisha joto hupunguzwa kwa takriban nyuzi 3 kila wiki, ilhali kati ya Juni na Agosti joto la usiku katika milima hii ya Usambara hushuka chini ya nyuzi 15. Aliyepigwa na baridi hujikunyata na wenzake, haendi kwenye chakula wala maji, kiini chake hakinyonywi ipasavyo, na kinyesi chake kizito huganda na kuziba njia ya haja. Vifaranga wanaoagizwa kutoka Dar es Salaam wamo hatarini zaidi, kwa kuwa baada ya kutwa nzima ya kukaukiwa maji katika joto la tambarare, gari huiacha barabara kuu pale Mombo na kupanda karibu mita 1,000 kupitia Soni, na boksi lao lenye matundu huanza kupenyezwa na upepo wa mlimani.

Bruda, yaani mduara wa kulelea vifaranga, inapaswa kuwashwa moto saa kadhaa kabla hawajafika. Wenye kutumia chungu cha mkaa waache upenyo wa hewa juu, kwani moshi na hewa ya sumu ya mkaa huua haraka kuliko baridi yenyewe. Maji ya kwanza yawe safi na ya uvuguvugu, yakiwa na sukari kidogo au glukosi kwa saa chache tu. Chumvi isiongezwe kwa kukisia, maana kifaranga hudhurika nayo upesi. Kifaranga aliyeziba husafishwa kwa pamba iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu mpaka kinyesi kilainike, bila kuking'oa kikiwa kikavu, na mwenye kusafisha atahadhari asije akabandua kigaga cha kitovu, kilicho jirani na njia hiyo, akidhani ni uchafu. Ukaguzi ulio rahisi na wenye manufaa makubwa ni ule wa kupapasa gole, kifuko cha shingoni kinachohifadhi chakula kabla hakijashuka kwenye firigisi: jioni ya siku ya kwanza linapaswa kuwa limejaa na kuwa laini.

Kifaranga anayelelewa na mama yake hupata, pamoja na joto la mbawa, kinga nyingine isiyoonekana. Mwaka 1973 watafiti Nurmi na Rantala wa Finland walionyesha kwamba vifaranga wachanga waliopewa vijidudu kutoka matumbo ya kuku wazima walistahimili bakteria wa salmonela, kwa sababu vijidudu vyema viliwahi kushika nafasi utumboni. Kuku wa kienyeji anayeparura uani na watoto wake huwagawia vijidudu hivyo kila siku, lakini kuku huyohuyo, akiwa mgonjwa, huweza kuwarithisha maradhi. Ndivyo ilivyo kwa puloramu, kuhara kweupe kunakosababishwa na aina ya salmonela ambayo hupita ndani ya yai. Dawa za antibayotiki hupunguza vifo, ila wanaopona hubaki na vimelea na kutaga mayai yenye ugonjwa, kwa hiyo mayai yao yasiatamishwe.

Kuhara damu, au koksidiosisi, ni jambo la baadaye. Vimelea vyake huhitaji siku kadhaa kuzaliana utumboni, hivyo ugonjwa huonekana zaidi kuanzia wiki ya 3, na hustawi penye matandiko yenye unyevu. Katika hili wilaya ya Lushoto ina bahati, kwani mashine za mbao za upande wa Shume hutoa maranda kwa wingi; yachaguliwe maranda makavu, si unga wa mbao, ambao vifaranga huula wakidhani ni chakula. Dawa iliyozoeleka ni amproliamu, inayofanya kazi kwa kuwanyima vimelea vitamini B1, na mwenye kuichanganya na vitamini hiyo katika maji hayohayo huipunguzia nguvu. Shubiri mwitu ina watetezi wengi vijijini, lakini haimpi joto kifaranga aliyepoa.

Chakula nacho kina hila zake. Mahindi yaliyovunwa wakati wa ukungu na kuhifadhiwa kabla hayajakauka huota kuvu, na baadhi ya kuvu hao hutoa sumukuvu, sumu inayoharibu ini na kudhoofisha kinga ya mwili. Pumba yenye harufu ya uvundo haifai hata kwa kuchanganywa na nzuri.

Kuhara kunakofuatiwa na vifo vingi, hasa kwa rangi ya kijani, huweza kuashiria hata ugonjwa wa kideri, usio na tiba bali chanjo. Mfugaji asikisie: achukue vifaranga wawili au watatu waliokufa siku hiyohiyo, katika chombo kilichofungwa, awapeleke kwa afisa mifugo wa kata. Wakipasuliwa, kiini kilichobaki tumboni huelekeza kwenye baridi au uambukizo wa kitovu, na damu katika vifuko viwili vya mwisho wa utumbo huelekeza kwenye koksidiosisi.