Simu mpya: Huna haja ya kuichaji masaa 8 kwanza

Umenunua simu mpya pale Kilindoni, Mafia, na muuzaji kakwambia: "Ichaji masaa nane kwanza, ndo uiwashe." Usihangaike. Ushauri huo ni wa enzi za betri za nikeli. Simu za siku hizi zina betri ya lithiamu, unaweza kuitumia tangu dakika ya kwanza.

Kinachoiua haraka ni joto. Ukiwa kwenye boti kutoka Nyamisati, usiiache simu kwenye jua, iweke ndani ya mkoba. Usiichaji chini ya mto wala huku unacheza gemu. Ikipata moto, chomoa chaja, toa kava, iache ipoe yenyewe. Kwenye friji usiitie.

Pia, usingoje izime ndo uchaji. Ichomeke ikifika asilimia 20, ichomoe kwenye 80. Lakini kama unavuka kwenda Chole au Jibondo, au umeme unakatika-katika, jaza mpaka 100 tu. Mara moja moja haina shida.

Ikirukiwa na maji ya bahari, izime, ifute, na usichomeke chaja mpaka tundu likauke kabisa. Maji ya chumvi yanapitisha umeme: simu inaweza kupiga shoti na tundu likaliwa na kutu.

Na ukiona betri imevimba, acha kuichaji hapo hapo. Usiibonyeze wala kuitoboa, inaweza kuwaka moto. Mpelekee fundi.