Goma: Vyombo vidogo vya fundi vinavyookoa mabati ya nyumba

Mjini Goma, mkoani Kivu Kaskazini, bati halidumu kama kwingine. Moshi wa volkano Nyiragongo huchanganyika na mvua, na maji hayo yenye asidi hula zinki inayolinda chuma. Kila mkwaruzo anaouacha fundi siku ya kuezeka ni mlango wa kutu, na wakaaji wengi huteka maji ya mvua kutoka juu ya mabati hayohayo.

Kwenye duka, mwenye parseli anauliza namba: BG 28, BG 30 ama BG 32. Namba ikipanda, bati ni jembamba. Ni wachache wanaouliza fundi atakuja na vyombo gani vya kazi, na makuta mengi hupotelea hapo.

Kwa kukata, mkasi wa bati wa mkono hauna mpinzani. Mashine ya diski ni ya haraka, lakini joto lake huunguza zinki kwenye ukingo, na cheche zake hunasa juu ya bati kisha zinaota kutu. Kuhusu panga linalogongwa kwa nyundo, heri tusiseme mengi.

Msumari wa kofia hupigwa juu ya mgongo wa bati, si kwenye mfereji ambamo maji yanapita. Fundi makini hutoboa kwanza kwa chuma chenye ncha, halafu anapiga msumari wenye raba chini ya kofia. Raba ikikosekana, wengi hukata mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki. Nyundo isimame mara tu raba inapogusa bati: mgongo ukibonyea, maji hutuama kuzunguka tundu.

Chombo cha bei ndogo kuliko vyote ni kamba. Inavutwa toka pembe moja ya paa hadi nyingine, na mabati yanaifuata. Bila kamba mstari unapinda, bati moja linalalia jingine kidogo mno, na upepo unapata pa kuingilia. Upangaji huanzia upande usiopigwa na upepo.

Baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021, si wote waliokuwa na uwezo wa kununua mabati mapya. Anayeezeka kwa mabati ya zamani ang'oe misumari kwa nyundo yenye makucha, akiweka kipande cha mbao chini ya kichwa chake. Matundu ya zamani yazibwe kabla bati halijapanda juu.