Usanidi wa Uthibitishaji wa Kuingia katika Ukaguzi wa Kiotomatiki wa Usalama wa Tovuti: Mfano wa ZAP na Juice Shop

1.0 Utangulizi

Kikaguzi cha kiotomatiki kinaweza kumaliza kazi bila kuonyesha hitilafu yoyote, kisha kikatoa ripoti safi kuhusu tovuti ambayo kwa hakika hakikuikagua. Hali hiyo hutokea pale kikaguzi kinapobaki nje: hupitia ukurasa wa mwanzo na fomu ya kuingia, ilhali kurasa za wateja na za wasimamizi hazijaguswa. Hatari hiyo si ndogo, kwani orodha ya OWASP ya mwaka 2021 iliweka kasoro za udhibiti wa ufikiaji katika nafasi ya kwanza, na nyingi kati yake hubainika tu kwa mtu aliyekwisha kuingia.

Makala haya yanafafanua usanidi wa uthibitishaji kwa kutumia ZAP, kikaguzi huria kilichoanzishwa na Simon Bennetts na kutolewa mwaka 2010. Tovuti ya mfano ni Juice Shop, duka la mafunzo lililojengwa kwa makusudi likiwa na udhaifu mwingi. Hoja kuu ni kwamba kuingia pekee hakutoshi; kikaguzi hakina budi kujua, muda wote wa ukaguzi, iwapo bado kimo ndani.

2.0 Kuingia na Kudumisha Kipindi

Dhana mbili zinapaswa kutenganishwa. Uthibitishaji hujibu swali la mtumiaji ni nani. Usimamizi wa kipindi hujibu swali la iwapo ombi lililofika sasa limetoka kwa mtumiaji yuleyule. Swali la pili ni la lazima kwa sababu HTTP, kwa asili yake, haikumbuki ombi lililotangulia.

Katika ZAP, mipangilio hiyo huwekwa ndani ya muktadha, unaobainisha anwani zinazokaguliwa, njia ya kuingia, namna ya kudumisha kipindi, na watumiaji. Njia ya kuingia yaweza kuwa fomu ya kawaida, ombi la JSON, kivinjari kinachoendeshwa na kikaguzi chenyewe, au hati ya programu iliyoandikwa mahususi.

Juice Shop hudhihirisha tofauti ya dhana hizo. Baruapepe na nywila hutumwa kwa muundo wa JSON kwenye anwani /rest/user/login, na seva hurejesha tokeni ndani ya jibu. Tokeni hiyo huambatanishwa na maombi yanayofuata katika kichwa kiitwacho Authorization. Aidha, programu iliyomo kwenye kivinjari huihifadhi tokeni hiyo kama kuki. Hivyo basi, kikaguzi kinachosubiri seva yenyewe iweke kuki kitapokea jibu la mafanikio, lakini maombi yake yote yatakayofuata yatahesabiwa kuwa ya mgeni.

3.0 Kuhakiki Hali ya Kuingia

Kiashiria cha kuingia ni ruwaza ya maandishi inayotafutwa katika majibu ya seva. Namba ya hali ya HTTP haiaminiki peke yake. Katika Juice Shop, anwani /rest/user/whoami hurejesha hali 200 kwa mgeni na kwa mteja vilevile. Tofauti imo katika maudhui: mgeni hupata {"user":{}}, na mteja hupata taarifa zake. Kwa hiyo, ZAP husanidiwa kuiuliza anwani hiyo mara kwa mara. Maudhui matupu yakijitokeza, huingia upya.

Kiashiria kibaya hukosea kwa namna mbili. Kikiwa kipana mno, mathalani neno la makaribisho linaloonekana na kila mtu, kikaguzi huamini kimo ndani hali kimetoka. Kikiwa finyu mno, kikaguzi huingia upya bila kikomo, na huenda akaunti ikafungwa. Kosa la pili hujitangaza lenyewe. La kwanza hufichwa na ripoti safi.

4.0 Vyanzo vya Kukatika kwa Kipindi

Kikaguzi hufuata kila kiungo, kikiwemo cha kutoka. Kwa sababu hiyo, anwani ya kutoka na fomu ya kubadilisha nywila huondolewa katika mipaka ya ukaguzi. Tokeni zinazokwisha muda huhitaji kuingia upya. Vilevile, kwa kuwa ukaguzi tendaji hutuma data na kubadilisha kumbukumbu, hufanywa kwa idhini ya mwenye mfumo, kwa akaunti za majaribio, na katika nakala isiyotumiwa na wateja.

5.0 Hitimisho

Ripoti isiyo na kasoro haipaswi kupokewa kabla ya kuhakikiwa. Njia nyepesi ni kuendesha ukaguzi mara mbili, kwanza bila kuingia na kisha baada ya kuingia, na kulinganisha orodha za anwani zilizofikiwa. Orodha hizo zikilingana ilhali tovuti ina kurasa za ndani, kilichokaguliwa ni mlango tu, na ukimya wa ripoti hiyo si ushahidi wa usalama.