Lita Hazibebi Mbwa

Mbwa mrefu kuliko wote waliowahi kupimwa aliitwa Zeus, jibwa la aina ya Great Dane kutoka Otsego, Michigan, Marekani. Mwaka 2011 alipimwa kwa ajili ya kitabu cha rekodi cha Guinness akaonekana ana sentimita 111.8 kutoka chini hadi begani. Begani, si utosini. Sasa chukua utepe wa fundi, nenda kwenye stesheni wagoni yoyote iliyoegeshwa mtaani kwako, inua mlango wa nyuma upime kutoka sakafu ya buti hadi dari. Utapata sentimita themanini hivi, na ukiangukia Probox utakaribia tisini na kitu. Zeus asingeweza kusimama humo hata kwa kuinamisha kichwa.

Mwenye rekodi ya uzito ni Zorba, mbwa wa aina ya mastiff aliyeishi London, ambaye mwaka 1989 alifikisha kilo 155.6. Kutoka ncha ya pua hadi ncha ya mkia alikuwa na mita mbili na nusu. Kwa Zorba hesabu inageuka: tatizo kubwa zaidi ni springi. Uzito ule ni sawa na kuwaweka wanaume wawili wazima ndani ya buti, nyuma kabisa, mahali ambapo gari dogo halikutengenezwa kubeba mtu. Hapo Probox inapata heshima yake. Toyota waliitoa mwaka 2002 kwa ajili ya wafanyabiashara wa Japani, ikiwa na uwezo wa kubeba kilo 400 za mzigo pamoja na watu wawili mbele. Siti za nyuma zikilazwa, sakafu yake inafika karibu mita 1.8. Zorba angekunja mkia kidogo, safari ikaenda.

Wengi wetu hatuna Zeus wala Zorba. Tuna mbwa mmoja wa kulinda nyumba, labda wawili, na swali letu ni dogo: je, hachibeki inatosha, au tuongeze pesa tununue gari lenye mgongo mrefu? Muuzaji atakujibu kwa lita. Buti hili lita 380, lile 605. Kwa rekodi za lita, Wazungu wanashindana kwelikweli. Skoda Superb ya sasa na Volkswagen Passat, zote za mgongo mrefu, ambazo zinaundwa katika kiwanda kimoja Bratislava, zote zinatangaza lita 690 siti zikiwa zimesimama. Mercedes E-Class ya kizazi kilichotoka 2009 ilikuwa na 695, na siti zikilazwa 1,950. Yaani gari la zamani linalishinda jipya, na E-Class yenyewe imezidi kupungua buti kadiri vizazi vilivyofuatana.

Lakini tazama lita hizo zinavyopimwa. Wajerumani huchukua vipande vya umbo la tofali, kila kimoja sentimita 20 kwa 10 kwa 5, ambacho ni lita moja kamili, wakavijaza ndani ya buti mpaka visiingie tena. Kipande kinaingia pembeni mwa tairi, kwenye kishimo cha ukutani, hata chini ya sakafu ya uongo ambako watu huficha jeki. Mbwa haingii huko. Hakatiki vipande. Anahitaji sakafu moja tambarare ya kulalia, nafasi ya kugeuka na dari ya kutosha akikaa kitako. Buti la lita 600 lenye kioo kilicholala sana linaweza kumbana mbwa kuliko la lita 500 lililosimama wima.

Mfano ulio wazi ni Golf ya kizazi cha saba, kwa sababu iliundwa kwa sura zote mbili. Hachibeki ina urefu wa mita 4.26 na buti la lita 380. Ndugu yake, stesheni wagoni, ana mita 4.56 na lita 605. Umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma ni uleule, siti ni zilezile, usukani ni uleule. Sentimita zile 30 zote zimepachikwa nyuma ya tairi za nyuma, na hapo hasa ndipo mbwa analala. Dume la German Shepherd, ambalo wafugaji wanalitaka liwe na sentimita 60 hadi 65 begani, likiingia kwenye ile fupi litajikunja kama chapati au litakaa kitako huku masikio yakigusa kioo. Kwenye ile ndefu litalala ubavu. Kwa safari ya Nairobi hadi Naivasha tofauti hiyo unaweza kuipuuza. Kwa Dar es Salaam hadi Mbeya, mbwa aliyejikunja atakutapikia kabla ya Mikumi.

Bingwa wa mgongo wima

Hapa sina mjadala: ni Volvo 240, iliyoundwa kuanzia 1974 hadi 1993. Nyuma yake imekatwa kana kwamba mchoraji alikuwa na rula tu, hana kalamu ya mviringo. Watu walilicheka umbo hilo miaka nenda miaka rudi, ila mbwa wakubwa wa Ulaya walisafiri humo wakiwa wamekaa kitako na kutazama barabara inavyobaki nyuma. Magari ya leo yamelaza kioo cha nyuma ili yapendeze na yapasue upepo vizuri. Kadiri kioo kinavyolala, mbwa anapoteza nafasi ya kichwa, na hakuna karatasi ya muuzaji itakayokuonyesha hasara hiyo.

Volvo yenyewe iliwahi kuufanyia mzaha umaarufu huo. Mwaka 1994 timu ya Tom Walkinshaw iliingiza stesheni wagoni za Volvo 850 kwenye mashindano ya magari ya kawaida ya Uingereza, zikiendeshwa na Rickard Rydell na Jan Lammers. Wapinzani walicheka, wengine wakalalamika. Siku moja, katika mzunguko wa kujionyesha kwa watazamaji, gari likapita na mwanasesere mkubwa wa mbwa aina ya collie nyuma kwenye buti. Hawakushinda mbio hata moja msimu ule, na mwaka uliofuata walirudi na sedani, lakini sedani ile hakuna anayeikumbuka kwa mapenzi kama ile yenye mbwa.

Huku kwetu cheo hicho kilishikwa na Peugeot 504. Stesheni wagoni yake ilirefushwa chasisi hadi mita 2.90 kati ya tairi na tairi, ikawekewa springi nne nyuma badala ya mbili. Sedani yake ilishinda Safari Rally mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na stesheni ikawa matatu ya masafa marefu nchini Kenya, ikibeba abiria, magunia na mbuzi kwa pamoja. Gari linalobeba mbuzi wanne halitashindwa na mbwa wawili.

Rekodi ninayoijali zaidi: mruko mfupi

Katika rekodi hii namba ndogo ndiyo inashinda: kizingiti cha buti kiko juu kiasi gani kutoka ardhini. Mbwa kijana anaruka chochote. Mbwa wa miaka kumi, mwenye nyonga zilizochoka, akifika mbele ya buti lenye kizingiti cha juu anasimama na kukutazama. Utambeba wewe. Kilo 35 zinazojipindapinda, kila asubuhi, mgongo wako utauliza maswali. Na kushuka ni kubaya kuliko kupanda, kwa kuwa uzito wote unatua kwenye miguu ya mbele.

Bingwa wa enzi zote katika hili ni Mfaransa. Citroën CX, pamoja na ID na DS zilizoitangulia, ilitumia kimiminika cha haidroli na gesi badala ya springi za chuma. Dereva anavuta kitasa kidogo, gari zima linashuka chini kama ngamia anayepiga magoti, unapakia, kisha linainuka na kujisawazisha hata ukiweka mzigo mzito nyuma. Stesheni wagoni ya CX ilikuwa na mita 3.09 kati ya tairi na tairi, na sakafu anayoweza kulalia mtu. Sijui gari lililowahi kumheshimu mbwa mzee kuliko hilo. Kulipata fundi wa kulitengeneza ni habari nyingine.

Na hapa hachibeki inarudi uwanjani kwa kishindo, maana Honda Fit ni ndogo lakini ina hila. Tangi la mafuta halipo chini ya siti ya nyuma kama kwa wenzake, limewekwa chini ya siti za mbele. Kwa hiyo sakafu ya nyuma iko chini sana, na kalio la siti ya nyuma linaweza kukunjwa juu kama kiti cha sinema, likaacha uwazi mrefu kutoka sakafuni hadi darini katikati ya gari. Mbwa wa wastani anaingia kwa mlango wa pembeni, karibu bila kuruka, akasimama humo. Kwa mtu mwenye mbwa mmoja asiyezidi kilo 25 anayeishi mjini na kupigania maegesho, ningemwambia anunue Fit asijisumbue na lita za mtu yeyote. Vitz na Demio hazina hila hiyo, na buti la Demio, lita 280, ni la mbwa wa mapajani.

Pwani kuna jambo jingine la kupima. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi Mombasa, Zanzibar na Lamu, mate ya mbwa ni najisi, na kuosha kunataka mara saba, moja kwa udongo. Dereva wa teksi akikataa kumpakia mbwa wako hana ubaya, anajua kazi itakayomsubiri. Ukiwa na abiria wa namna hiyo ndani ya gari lako, stesheni wagoni yenye wavu wa chuma nyuma ya siti na turubai linalovuliwa na kuoshwa ni adabu kwa wageni. Katika hachibeki pua ya mbwa inafika begani kwa bibi aliyekaa siti ya nyuma, na safari imeharibika.

Wavu huo una kazi nyingine. Gari likigonga ukuta kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa na kusimama ndani ya nusu mita, mbwa wa kilo 30 anarushwa mbele kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 600 hivi. Kanuni za barabarani za Uingereza, katika kipengele cha 57, zinataka mbwa afungwe mkanda au awekwe kwenye kizimba ama nyuma ya wavu.

Wa kwanza na wa kasi

Mbwa aliyekuwamo katika safari ya kwanza ya kuvuka Marekani kwa gari ni Bud, aliyepandishwa njiani huko Idaho mwaka 1903, daktari Horatio Nelson Jackson alipokuwa akisafiri kutoka San Francisco hadi New York kwa siku 63. Gari, la aina ya Winton, halikuwa na paa, kioo cha mbele wala buti. Bud alikaa mbele na kuvaa miwani ya vumbi, na miwani hiyo imehifadhiwa kwenye makumbusho ya Smithsonian.

Kwa kasi, BMW M3 yenye mgongo mrefu iliuzunguka uwanja wa Nürburgring mwaka 2022 kwa dakika 7 na sekunde 35. Hakuna mbwa aliyeomba hivyo.

Kuna rekodi moja nisingependa gari lolote liishike, nayo ni ya joto. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa 2005 ulionyesha kuwa gari lililoegeshwa juani hupanda nyuzi 22 za Selsiasi kwa wastani ndani ya saa moja, sehemu kubwa ya joto hilo ikiingia katika nusu saa ya kwanza, na kuacha vioo wazi kidogo hakusaidii sana. Anza na nyuzi 32 za Dar mwezi Februari, ujumlishe. Stesheni wagoni haina nafuu hapa, maana ina vioo vingi zaidi, na mara nyingi upepo wa kiyoyozi haufiki kwenye buti lake hata gari likiwa linatembea. Ukienda yadi kutazama gari, liwashe, fungulia kiyoyozi mpaka mwisho, funga milango yote, kisha ukae nyuma kwenye buti dakika tano. Muuzaji atakushangaa. Mwache ashangae, halafu mwombe akufungulie mlango ili umpandishe mbwa naye ajaribu.